Askari Aliyekufa Kila Aprili

Kila mwaka, mwezi wa Aprili, Normand Levasseur aliuawa mbele ya mji mzima wa Hartsbrook, na mkewe Fleurette ndiye aliyemnywesha maji ya mwisho. Waliifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka arobaini. Watoto waliomzomea wakiwa mabegani mwa baba zao walikua, wakaoa, wakabeba watoto wao mabegani, na hao nao wakamzomea vilevile.

Normand alikuwa fundi wa kuezeka mapaa, pande la mtu, mwenye viganja vipana na magoti yaliyokwisha kwa kupanda ngazi. Hakuwa mtu wa kusoma historia. Lakini Hartsbrook ni mmoja wa ile miji midogo ya Massachusetts iliyo kando ya barabara ya zamani ya kwenda Boston, na huko siku ambayo wakulima waliwageukia askari wa mfalme wa Uingereza ndiyo siku kubwa kuliko zote. Shule hufungwa. Kengele ya kanisa hulia kabla jua halijachomoza. Katika ukumbi wa chini ya kanisa hukaangwa chapati za maji na kumwagiwa asali ya utomvu wa miti, watu hula wakiwa wamesimama, halafu ngoma na filimbi huanza na wote hutoka kwenda penye kona ya barabara kutazama vita.

Vita vyenyewe vilikuwa vidogo, na watu wa Hartsbrook wanajua hivyo. Wanachojivunia wao ni maji. Husimulia kwamba askari wa mfalme walipokuwa wakirudi mbio Boston, mmoja wao alipigwa risasi penye ile kona, wenzake wakamwacha kando ya ukuta wa mawe. Bi Mercy Fenwick, ambaye mumewe alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakifyatua bunduki, alitoka ndani na kikombe cha maji, akampakata yule kijana mpaka akakata roho. Jina lake halikujulikana. Alizikwa palepale, na jiwe la kaburi lake halikuandikwa kitu.

Huyo askari ndiye Normand aliyemwigiza kila Aprili. Na Bi Mercy alikuwa Fleurette.

Si kwamba Normand aliutafuta uadui. Alipokuwa kijana alitaka kuwa mgambo kama wanaume wengine, avae kofia ya pembe tatu na kusimama upande wa washindi. Alikwenda kwa mzee Tarbox, kapteni wa mgambo wakati huo, akamkuta barazani anapaka mafuta bunduki yake ya kale, gumegume.

"Levasseur," mzee Tarbox alisema, akilitafuna lile jina. "Watu wako walikuwa wapi mwaka ule wa vita?"

"Kanada, nadhani. Wakilima viazi."

"Ehe. Mgambo wetu ni vitukuu wa mgambo wale, kijana. Hakuna nafasi." Kisha akamwangalia toka juu mpaka chini, akaona ule urefu na yale mabega. "Lakini tuna uhaba wa maadui."

Normand alirudi nyumbani, ng'ambo ya mto walikokaa wajukuu wa Wafaransa waliokuja kutoka Quebec, Kanada, kufanya kazi katika kiwanda cha nguo. Alipomweleza, Fleurette alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Wewe? Askari wa mfalme wa Uingereza? Bibi yako akisikia atafufuka aje akuchape!"

Lakini alimshonea koti jekundu kwa blanketi la sufu, akalitia vifungo vya shaba, na lilimkaa vizuri kuliko la mtu yeyote. Mwaka uliofuata, mama aliyekuwa akiigiza Bi Mercy alipohamia Florida, Fleurette alikwenda mwenyewe kwenye kamati ya sherehe kuiomba ile nafasi. "Kama kuna mwanamke atakayempakata mume wangu barabarani watu wakitazama," aliwaambia, "atakuwa mimi."

Watazamaji waliona huzuni kila mwaka, na wengine walifuta machozi. Hawakusikia waliyokuwa wakinong'onezana wale wawili.

"Kufa upesi, Norm, tope limeniingia kwenye soksi."

"Usinichekeshe. Mimi ni maiti."

"Maiti gani ananuka vitunguu?"

Mwaka mmoja, akiwa amemlaza kichwa mapajani, alimnong'oneza kwamba ana mimba. Maiti ikakaa kitako. Watu walicheka wiki nzima, na mzee Tarbox akasema hilo ndilo hutokea ukiwapa watu wa ng'ambo ya mto kazi ya maana. Mtoto aliyezaliwa ni Jocelyne, binti yao wa pekee.

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yao. Hawakuwa na mambo makubwa. Normand alitengeneza mapaa ya nusu ya mji, Fleurette alipika katika jiko la shule, Jocelyne alikua akaenda kuishi mji wa jirani, na kila Aprili baba yake aliuawa.

Ugonjwa ulianza kama mzaha. Krismasi moja Fleurette alioka pai ya nyama ya nguruwe, ile waliyokula tangu utoto, na walipoikata ndani hamkuwa na nyama. Mlikuwa na viazi na viungo tu. Walicheka, na yeye akacheka kuliko wote. Baadaye alipotea akitoka kanisani, njia aliyoipita maisha yake yote. Baadaye tena akaanza kumwita Normand kwa jina la Armand, kaka yake mwenyewe aliyekufa wangali vijana. Alimwita hivyo kwa upole, bila shaka yoyote, akimwuliza kama amewafungia ng'ombe.

Daktari aliwaweka wote wawili kwenye viti, akalitaja jina la ugonjwa.

"Sawa," Normand alisema. "Tunafanyaje?"

"Kuna vidonge vinavyoweza kuuchelewesha kidogo."

"Halafu?"

Daktari alisema kuna vikundi vya kuwasaidia walezi. Normand alimtazama kama mtu anayengoja sentensi iishe. Maisha yake yote, paa likivuja, alipanda, akatafuta, akaona maji yanapoingilia, akaziba. Hata paa bovu namna gani lilikuwa na mahali pa kuanzia. Fleurette, aliyekuwa kando yake, alikuwa akifungua na kufunga zipu ya mkoba wake, kisha akasema kwa adabu, "Asante sana, tumeshiba."

Machi mwaka huo, theluji ikiwa imebaki kwenye vivuli tu, Wendell Tarbox alikuja nyumbani. Ni mtoto wa yule mzee, na ukapteni alikuwa ameurithi pamoja na lile gumegume. Siku za kawaida alikuwa wakala wa bima. Alisimama mlangoni akizungusha kofia yake mikononi.

"Norm, kamati imekaa. Yule mwalimu, Meredith Oyler, yuko tayari kumshikia Fleurette nafasi yake."

"Kumshikia mpaka lini?"

Wendell aliivaa kofia yake, akaivua tena.

"Nipe mwaka huu," Normand alisema. "Sijawahi kuwaomba kitu. Miaka yote hiyo nimelala kwenye tope lenu, sijaomba hata kahawa."

"Ikimshinda mbele za watu?"

"Haitamshinda. Vingine vyote vimemtoka, Wendell, ila kipande hicho anacho. Njoo siku moja uone."

Fleurette akatokea akiwa na ndara, nywele hazijachanwa. Uso wake ulichangamka. "Wendell! Umenenepa wewe. Mama hajambo?"

Mama yake Wendell alikuwa kaburini kitambo, na Fleurette mwenyewe ndiye aliyepika chakula cha msiba.

"Hajambo, Fleurette," Wendell alisema. "Anakusalimu sana."

Alipokuwa akishuka ngazi alisema bila kugeuka, "Mwaka huu tu, Norm."

Jocelyne aliposikia alipiga simu akiwa amekasirika. "Baba, unataka kumfanya mama kioja?"

"Wiki nzima tumefanya mazoezi. Hakosei."

"Jikoni hakosei. Pale kuna bunduki na watu mia."

"Josie, ni kitu kimoja tu amebaki nacho."

"Cha kwake au chako, baba?"

Hilo lilimkaa Normand rohoni, lakini hakubadili neno. Na ni kweli kwamba jikoni Fleurette hakukosea. Normand alikuwa akilala chali sakafuni, kati ya meza na friji, na yeye alikuja na kikombe, akapiga magoti taratibu kwa sababu ya nyonga, akamwinua kichwa. Kisha alisema maneno ya Bi Mercy kwa sauti yake ya zamani, isiyo na wasiwasi: "Kunywa, kijana. Nawe una mama yako." Normand alikunywa. Alitamani abaki pale chini. Kwa muda ule mfupi mke wake alikuwa anajua anachofanya, anajua kinachofuata, na mkono wake ulikuwa umetulia chini ya kisogo chake. Normand akisimama tu, Fleurette alianza kumwuliza yeye ni nani na nani kamfungulia mlango.

Siku yenyewe ilikuja na manyunyu. Vichaka vya maua ya njano vilikuwa vimechanua kando ya barabara, na tope lilikuwa la kutosha kumzamisha ng'ombe. Katika ukumbi wa chini ya kanisa, Normand alikula kidogo tu. Gino Petrillo, mwoka mikate, askari mwenzake wa mfalme, alikuwa akimfunga ndani ya koti kifuko cha maji mekundu ya kiazisukari, damu ya mwaka ule.

"Ukianguka ulalie ubavu huu, kipasuke vizuri," Gino alisema. "Mwaka jana ulikufa mkavu. Watoto walinidai."

"Na wewe mwaka jana ulikimbia kabla ya kupigwa."

"Mimi nina duka. Siwezi kufa, nani atakanda?" Kisha akashusha sauti. "Fleurette anaendeleaje?"

"Asubuhi alikuwa vizuri."

Jocelyne alikuwa na mama yake ndani ya ile nyumba nyeupe iliyokuwa ya akina Fenwick, nyuma ya mlango. Alikuwa amemvisha gauni la kijivu na kilemba cheupe, na Fleurette alikuwa ametulia, kikombe mkononi, akimsifia Jocelyne kuwa ana ngozi nzuri na kumwuliza kama ana watoto.

Ngoma zikalia. Askari wa mfalme walipita wakikimbia na kugeuka na kufyatua, na kutoka nyuma ya ukuta wa mawe na miti mgambo wakawajibu. Moshi wa baruti ulitanda, mweupe na mzito, kwa kuwa hapakuwa na upepo. Watoto walizomea. Normand alifika penye kona, akatupa mikono juu, akaangukia ubavu aliofundishwa, akahisi kile kifuko kikipasuka na ubaridi kumwenea kifuani. Wenzake wakamruka wakaenda zao. Akalala.

Hapo ndipo ilipokuwa sehemu ngumu kila mwaka, kungoja. Alikuwa amelalia shavu moja, jicho moja likiona majani na tope. Katika kipaza sauti mtu wa kamati alikuwa akisoma habari za Bi Mercy. Normand alisikia mlango ukifunguka. Akasikia umati unanyamaza, na viatu vinakuja juu ya kokoto, si vya haraka, si vya kusitasita. Anajua, alijiambia. Nilisema anajua.

Fleurette alipiga magoti. Mkono wake ukaingia chini ya kisogo chake, palepale panapotakiwa, ukamwinua. Normand akainua macho kuyapokea maji.

Mkewe alikuwa anaitazama damu.

"Norm?" alisema.

Hakuwa amelitamka jina hilo tangu majira ya baridi yaanze. Normand alisahau maji, alisahau umati. "Ndiyo, mpenzi. Ni mimi."

"Norm, nani kakupiga?"

"Hakuna aliyenipiga. Ni mchezo, Fleurette. Ni siku ya Aprili. Ni maji ya kiazisukari."

"Usiongee. Usiongee, damu inatoka." Kikombe kilikuwa kimeanguka. Alikandamiza viganja vyote viwili kifuani pa mumewe, kwa nguvu ambayo Normand hakujua kama bado anayo, akainua uso. "Jamani! Nisaidieni! Mume wangu anakufa!"

Watu waliokuwa mbali walidhani ndivyo ilivyopangwa mwaka ule. Wakapiga makofi. Waliokuwa karibu hawakupiga. Walitazama chini, au waliwageuza watoto wao nyuso. Katika kipaza sauti yule mtu aliendelea kusoma, maana alipokuwa amesimama hakuona kitu.

"Wendell!" Fleurette alimwona kati ya moshi, gumegume mkononi. "Ni wewe! Wewe na bunduki yako! Alikukosea nini? Alikutengenezea paa!"

Wendell Tarbox aliishusha bunduki chini polepole. Mgambo wote walisimama vile, mashati yao ya kitani yakilowa manyunyu, watu wazima ishirini hivi, na hakuna aliyejua aweke wapi mikono.

Normand alijaribu kukaa. Fleurette alimsukuma chini. Akafungua vifungo ili amwonyeshe kwamba hana jeraha, lakini shati la ndani lilikuwa limelowa chapachapa, jekundu zaidi ya koti, na alipoliona alipiga ukelele ambao Normand hakuwahi kuusikia, hata siku aliyozaa. Jocelyne alikuja mbio, akamshika mabega.

"Mama, mama, baba yuko salama, mtazame."

"Niache, dada! Nenda kaite daktari! Kwa nini mmesimama tu? Kwa nini mnatutazama?"

Normand aliona hakuna njia nyingine. Alisimama. Magoti yalimgomea lakini alisimama wima mbele yake, akanyoosha mikono, mzima. "Fleurette. Nitazame. Niko hapa."

Alimtazama. Normand aliuona uso wa mkewe ukipanda polepole, toka viatu vyenye matope mpaka vifungo vya shaba mpaka usoni kwake, na akaona pia jinsi kile kilichokuwamo machoni kilivyozimika. Askari mkubwa mwenye koti jekundu alikuwa amesimama mbele yake. Fleurette alirudi nyuma.

"Mume wangu mmempeleka wapi?"

"Mimi ndiye, mpenzi."

"Alikuwa hapa. Alikuwa hapa sasa hivi." Akainama, akaanza kupapasa majani chini ya ukuta, mahali palipolaliwa. Jocelyne alikuwa analia. Hatimaye mtu alikumbuka kuzima kipaza sauti.

Nyumbani walimvua gauni lenye matope, wakamkalisha karibu na dirisha, wakamfunika blanketi. Normand alikuwa ameoga na kuvaa sweta yake ya kila siku. Alidhani kwamba nguo zile zikiondoka, mambo yatarudi. Fleurette alimkaribisha kwa unyonge, kama mfiwa anavyomkaribisha jirani.

"Umesikia? Norm wangu amefariki."

Jocelyne, aliyekuwa jikoni, aliacha kuosha vikombe.

"Nimesikia," Normand alisema. Tayari alikuwa amekataa mara nyingi, ndani ya gari na mlangoni, na kila alipokataa Fleurette alilia upya. "Pole sana."

"Wamempiga risasi barabarani. Mtu ambaye hakuwa na ugomvi na mtu. Ulimfahamu?"

"Kidogo."

"Alikuwa anaimba vibaya," Fleurette alisema. "Kanisani nilikuwa namkanyaga mguu anyamaze. Na mvivu wa kunyoa. Lakini hakuwahi kunilaza na hasira, hata siku moja. Nilikuwa nakasirika mimi, yeye anakaa tu pembeni ya kitanda, anangoja." Akajifuta macho kwa ncha ya blanketi. "Sikumwambia kitu. Alikuwa anatokwa damu, na mimi nilikuwa napiga kelele tu."

"Alijua," Normand alisema.

"Umejuaje?"

Normand alimshika mkono, naye akaurudisha taratibu mapajani pake, kwa heshima, kwa kuwa hakumjua.

Kufikia chakula cha jioni Fleurette alikuwa amesahau. Aliomba mayai, akala yote, akauliza kwa nini kila mtu amenuna. Lakini msiba ulikuwa umebaki mahali fulani ndani yake bila jina. Wiki nyingi baadaye alikuwa akiamka asubuhi machozi yanamtoka, na akiulizwa analia nini alisema hajui, labda kuna mtu amekufa, hakuna aliyemwambia. Normand alikaa naye. Alimletea chai. Kama angemwambia ni nani aliyekufa, au kwamba hakuna aliyekufa, vyote viwili vingemwumiza, kwa hiyo alikishika tu kisahani cha kikombe, chai isimwagike.

Wendell alikuja kuomba radhi, ingawa hakuwa na kosa. Gino alileta mikate kila Jumamosi mpaka friji ikajaa. Watu walikuwa wema. Normand mwenyewe alisema hivyo. Walimsimamisha dukani, wakamshika bega, wakasema kama kuna chochote wanachoweza kufanya, aseme. Alifikiri kweli, njia nzima ya kurudi nyumbani, akitafuta chochote wanachoweza kufanya.

Majira ya kupukutika majani Fleurette aliacha gesi wazi. Theluji ya kwanza ilipoanguka, mwenye gari la kuzoa theluji alimkuta asubuhi barabarani, gauni la kulalia na miguu mitupu, akitafuta zizi la baba yake. Jocelyne hakugombana wala kubembeleza. Alikuja akakaa mezani mbele ya baba yake, akasema, "Baba," basi. Normand akatikisa kichwa kukubali. Januari walimpeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mji wa pili, chumba chenye dirisha linaloangalia maegesho. Alipomwacha siku ya kwanza Fleurette alimshukuru kwa kumpa lifti.

Normand alikwenda kila siku. Alimlisha supu. Alimkata kucha. Wakati mwingine Fleurette alimchukulia kama fundi aliyekuja kukagua dari, na Normand alitazama juu, akasema dari ni nzima, haina tatizo.

Aprili ilipokaribia alimpigia Wendell simu, akasema mwaka huu hatakufa, watafute mwingine. Wendell akasema anaelewa kabisa. Asubuhi ya siku yenyewe kengele ya kanisa ililia, Normand akiwa macho tayari, na baada ya kuketi pembeni ya kitanda kwa muda akaona kwamba hajui mtu hufanya nini kingine siku ile. Akavaa koti. Gino alipomwona anaingia ukumbini hakutania; alimsogezea sahani tu.

Walipigana. Normand akaanguka, bila damu, maana alikuwa ameikataa. Mlango ukafunguka na Meredith Oyler akaja na kikombe. Alikuwa mwanamke kijana, na aliifanya kazi ile vizuri, alikuwa amejifunza. Alimwinua kichwa kwa uangalifu, akasema, "Kunywa, kijana. Nawe una mama yako," kila neno mahali pake. Maji yalikuwa baridi. Normand akakata roho kama inavyotakiwa, na akiwa amekufa hivyo, kichwa mapajani mwa mgeni, machozi yakamtoka bila kikomo yakaingia masikioni, na hakuweza kuinua mkono ayafute, maana maiti haiinui mkono. Meredith alimfunika uso kwa aproni yake. Watu walipiga makofi mengi.

"Hujawahi kufa vizuri namna hii," mzee mmoja alimwambia baadaye, akimpiga bega, hana habari na lolote.

Alasiri alikwenda kumwona mkewe. Katika televisheni ya ukumbi walikuwa wakionyesha wakimbiaji wa mbio za Boston, wazee watatu wakiwatazama. Fleurette alikuwa kitandani, amechanwa nywele. Mhudumu wa zamu, mama mmoja wa Haiti aitwaye Guerda, ajuaye Kifaransa, alikuwa akikunja taulo.

Tangu Machi Fleurette alikuwa ameacha Kiingereza. Alizungumza Kifaransa cha utotoni mwake tu, cha shambani, cha haraka. Wazazi wa Normand hawakutaka watoto wao wachekwe shuleni, kwa hiyo chake kilikuwa kimeisha mapema. Alibaki na sala na matusi. Sasa Fleurette aliinua kichwa akasema sentensi ndefu, akimtazama moja kwa moja.

"Anasema nini?" Normand aliuliza.

Guerda alisikiliza. "Anauliza kama ng'ombe wamekamuliwa."

"Mwambie ndiyo. Wote."

"Mwambie mwenyewe, baba. Hilo unaliweza."

Normand alilisafisha koo, akasogea, akasema kwa Kifaransa chake kibovu kwamba ndiyo, wamekamuliwa, wote. Fleurette alimsikiliza akiwa amekunja uso. Kisha akageuza kichwa kwa Guerda, akangoja.

Guerda akarudia maneno yaleyale. Fleurette akashusha pumzi, akafumba macho.

"Nisogezee hicho kiti chako, baba," Guerda alisema, "nibadilishe shuka la chini."

Normand akasimama, akakisogeza kiti mpaka ukutani.